Uzi: Habari za uchaguzi wa urais zisizo na mrengo, hapa Mombasa mnazitoa wapi?

#1 MtuWaKibokoni

Salaam kwenu nyote.

Agosti 2027 si mbali, na kelele zimeanza. Grupu la mtaa wetu lilianzishwa kwa mambo ya maji na taka, sasa limekuwa tawi la vyama. Asubuhi mtu analeta "utafiti mpya", jioni mwengine analeta picha ya umati anaodai ni uwanja wa Tononoka, na ukiitazama vizuri waona watu wamevaa makoti mazito. Makoti, Mombasa!

Nauliza kwa niaba ya mtu ambaye si shabiki wa mrengo wowote. Anataka kujua nani kasema nini, nani kafanya nini, na siku ya mwisho nani kapata kura ngapi. Aende wapi? Naanza na ninavyoona mimi, nyinyi mkosoe.

Kwanza, acheni kutafuta gazeti au stesheni isiyo na upande. Mtachoka bure. Standard kwa miaka mingi imehusishwa na familia ya Moi. Mediamax, wenye K24 na People Daily, wanahusishwa na familia ya Kenyatta. Royal Media, wenye Citizen, ni ya S.K. Macharia. KBC ni ya serikali, na Pwani FM tunayoisikiliza hapa iko chini yake. Kifungu cha 34 cha Katiba kinaitaka isipendelee mtu, lakini mwajiri wake ndiye huyo huyo anayetaka kura. Sisemi kwamba hawa wote ni waongo. Wana waandishi wazuri wanaokesha kazini. Ila ukimjua mwenye nyumba, utajua ni swali gani halitaulizwa sebuleni.

Pili, na hapa ndipo nataka tukae kidogo: kuna karatasi ambayo haina mwenyewe. Ni Fomu 34A.

Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo anajaza fomu hiyo, mawakala wa wagombea wanatia sahihi, wanapewa nakala, na nakala nyengine inabandikwa pale pale mlangoni ambapo mpita njia yeyote anaweza kuisoma. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hivyo nambari zake ni ndogo, za kusomeka na mtu yeyote aliyemaliza darasa la nne. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu hizo kwenye tovuti yake, kila mtu akapakua. Ukitaka kuikagua: jumla ya kura za wagombea wote lazima ilingane na kura halali, kura halali na zilizoharibika zikiwekwa pamoja haziwezi kuzidi walioandikishwa, na tazama sahihi za mawakala wa pande zote. Basi. Hakuna uchawi.

Mnakumbuka zile siku sita kati ya 9 na 15 Agosti 2022? Saa ile ile, stesheni moja inamuonyesha Raila mbele, nyengine Ruto mbele. Barazani watu wakaapa kwamba wamenunuliwa. Wote walikuwa wakizichukua nambari kwenye tovuti moja, ya tume. Huyu alianza na fomu za ngome hii, yule za ngome ile, na kasi ya makarani wao wa kuingiza nambari haikuwa sawa. Mwisho wakaacha kujumlisha mmoja mmoja, wananchi tukabaki gizani tukisikiliza uvumi, ilhali fomu zenyewe zilikuwa wazi mtandaoni. Mimi hilo la kuacha ndilo lililoniudhi kuliko lile la kutofautiana.

Halafu kuna hesabu ya makamishna wanne wa tume. Chebukati, mwenyekiti wa tume wakati ule, alimtangaza Ruto kwa kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila, Mungu amrehemu, 6,942,930, asilimia 48.85. Siku ya pili wale wanne wakaita wanahabari wakasema asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000. Chukua kalamu. Wagombea wengine wawili: Wajackoyah alikuwa na 0.44, Mwaure 0.23. Jumlisha zote nne: kweli, 100.01. Hapo walisema sawa. Lakini kura halali zilikuwa milioni 14.2 na kitu. Asilimia moja nzima ndiyo 142,000. Sehemu moja ya mia ya hiyo ni 1,420 hivi. Na hizo nazo si kura zilizochomekwa na mtu, ni kwa sababu kila asilimia ilikadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Ile 142,000 ilizunguka mji mzima kwa siku kadhaa, kwenye matatu, sokoni, nje ya misikiti baada ya swala. Mtoto wa shule mwenye kikokotoo angeimaliza kabla ya kivuko kufika ng'ambo.

Na msinielewe vibaya. Karatasi ikikosekana, hapo pana jambo. Mwaka 2017 matokeo yalitangazwa fomu nyingi zikiwa hazijaonekana, tume ikashindwa kufungua seva zake kama mahakama ilivyoagiza, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Maraga ikafuta uchaguzi wa urais, majaji wanne kwa wawili. Aliyekuwa akiuliza "fomu ziko wapi?" wakati ule aliitwa mpinzani. Alikuwa anauliza swali la msomaji tu.

Karibuni.

#2 KasukuWaKongowea

Maalim, hayo ni ya baada ya kura. Mimi nataka ya kabla. Fomu 34A itaniambia nini kuhusu mtu anayeniahidi kazi za bandari zitarudi Mombasa na ajira zake? Midahalo yenyewe imekuwa mzaha. 2017 Raila alisimama peke yake jukwaani, 2022 Ruto naye peke yake. Mtu anajadiliana na kiti.

#3 AliyekuwaRedioni

Nimefanya kazi redio hapa mjini, sitaitaja. Nataka kuongeza kitu juu ya hilo la mwenye nyumba, maana wengi mnamtazama mmiliki na kumsahau mpangaji anayelipa.

Redio ndogo haiishi kwa wasikilizaji. Inaishi kwa matangazo, na anayetangaza zaidi ni serikali, ya Nairobi na ya kaunti. Tena wanalipa kwa kuchelewa. Sasa fikiria mhariri anayedai ofisi fulani pesa za miezi, na mtangazaji wake anataka kumuuliza mkubwa wa ofisi hiyo swali kali hewani. Hakuna mtu anayepiga simu kutisha, haihitajiki. Mhariri mwenyewe atasema "hilo tuliweke wiki ijayo."

Msimu wa uchaguzi unakuja na lake. Kipindi cha saa nzima na mgombea, kimelipiwa kama tangazo la sabuni, lakini msikilizaji haambiwi. Dalili zake: maswali ni marefu kuliko majibu na yote yanaanza na "mheshimiwa, umefanya mengi", simu za wasikilizaji zinazoingia zote zinasifu, na mpinzani wake haji wiki ile wala inayofuata. Ukisikia hivyo, lichukulie kama tangazo. Si haramu kulisikiliza. Manifesto nayo ni tangazo, na tunaisoma.

Wale wenzangu waliobaki wanafanya kazi ngumu kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na bahasha ya "nauli" iko kila mkutano. Wapo wanaoirudisha. Nawajua.

#4 BintiLikoni

Mie nikumbushe ya kwetu, maana mumeruka. Tarehe 8 Agosti 2022, kura ni kesho yake. Simu ikaanza kulia: uchaguzi wa gavana Mombasa umeahirishwa. Kwenye grupu la familia ami yangu akasema huo ni uwongo wa wapinzani, wanataka watu wasitoke. Shangazi akasema hapana, ni kweli, kaambiwa na mtu wa ndani. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja uhakika wake waelekea kule chama chake kinakotaka.

Ilikuwa kweli. Karatasi za kura za gavana, zetu na za Kakamega, zilikuwa na makosa ya picha na maelezo ya wagombea, na mwenyekiti wa tume mwenyewe alisimama Bomas, kituo cha kujumlishia kura, akasema. Mara ya kwanza ikapangwa 23, halafu ikasogezwa tena hadi 29 Agosti. Lakini kura ya rais ilibaki pale pale tarehe 9, na hilo ndilo ambalo ile meseji iliyosambaa haikulisema! Waliosoma kichwa tu wakadhani hakuna kura kabisa. Niliona majirani wawili watatu wakilala nyumbani asubuhi ile hadi walipogongewa.

Kwa hivyo mimi kanuni yangu ni moja. Jambo la tarehe, kituo, karatasi, kitambulisho, silichukui kwa mtu yeyote isipokuwa tume yenyewe. Si kwa ami, si kwa redio, si kwa imamu. Mtu wa ndani simtaki. Kama tume haijasema, halijawa.

#5 MtuWaKibokoni

Dadangu BintiLikoni, hilo la nusu ya habari ni zito kuliko uwongo mtupu. Ahsante.

Kasuku, swali lako ni la haki. Ya kabla ya kura pia yana karatasi zake, ila hazina muziki ndiyo maana hazisikiki. Mgombea ambaye tayari yuko madarakani ana rekodi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatoa ripoti za kila wizara na kila kaunti: pesa ipi haina stakabadhi, mradi upi umelipiwa na haupo. Msimamizi wa Bajeti anatoa za robo mwaka, utaona kaunti imetumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa safari na vikao. Shirika la takwimu, KNBS, linatoa ripoti ya uchumi kila mwaka. Kama alikuwa mbunge, maneno yake yamo kwenye Hansard, kumbukumbu za bunge, na Mzalendo Trust wanafuatilia nani anazungumza bungeni na nani anakalia kiti tu. Hukumu za kesi ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Mtu akikwambia "mahakama ilimsafisha", soma aya za mwisho za hukumu. Mara nyengine mahakama haikumsafisha, kesi ilitupwa kwa sababu iliwasilishwa kwa kuchelewa.

Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokuambia umpigie nani. Ndiyo raha yake.

Na kwa kuwa tumegusa "utafiti mpya": kuna sheria ya mwaka 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni. Anayechapisha lazima aseme nani aliagiza, nani alilipa, watu wangapi waliulizwa, lini, kwa njia gani, na kiwango cha makosa. Siku tano kabla ya kura hairuhusiwi kabisa kuchapisha. Grafu iliyoletwa kwenye grupu bila hayo, hata kama ina nembo ya kampuni maarufu, ifute.

Lakini hata yenye hayo yote msiiabudu. 2022 kampuni zinazojulikana, Infotrak, Ipsos na TIFA, mwishoni zote zilimweka Raila mbele. Akashinda Ruto. Sijaona ushahidi kwamba walihongwa. Waliuliza watu, na watu wengi hawakuwa wameamua au hawakutaka kusema. Mtu anaweza kukosa upande na bado akakosea.

#6 KasukuWaKongowea

Haya, nakubali hizo ripoti, ingawa nani ana saa za kusoma kurasa mia tatu za mkaguzi baada ya kushusha magunia tangu alfajiri? Mtu kama mimi anataka mtu amsomee. Na hao wanaojiita wakaguzi wa ukweli, Africa Check na PesaCheck, pesa zao zatoka wapi? Ulaya na Facebook. Mzungu ndiye atanichagulia rais?

#7 Mwl_Mstaafu_Jomvu

Kijana, hujambo. Umeuliza vizuri, na usiache kuuliza.

Ni kweli wana wafadhili wa nje, na wamekuwa na mkataba na Meta, wenye Facebook. Wenyewe wanaandika. Linganisha na bloga wa kwetu anayesema hana mrengo na hujui hata jina lake, wala nani anamlipia bando. Tofauti ninayoijali mimi ni kwamba wanaonyesha njia waliyopita: picha hii ilichapwa kwanza wapi, nambari hii imetoka ripoti gani, ukurasa gani. Unaweza kuipita njia ile mwenyewe na kuwakamata. Mwanafunzi wangu aliyenipa jibu bila hesabu nilimpa sufuri, hata jibu likiwa sahihi.

Wasiwasi wako juu ya wageni si wa bure, ila umeuelekeza kusiko. Machi 2018 stesheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirekodi kwa siri wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya kuendesha kampeni, wakijigamba kwamba walikiendesha chama tawala cha hapa katika chaguzi mbili: jina, manifesto, hotuba, kila kitu. Na ile kampeni ya mtandaoni ya 2017 ya kumchafua Raila, shirika la Privacy International walieleza kwamba ilitengenezwa na kampuni ya Texas, Harris Media. Mwaka huo huo zilisambazwa video bandia zenye nembo za BBC na CNN zikitoa kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuzitoa. Mzungu alikuja, ndiyo. Lakini alikodiwa na wanasiasa wetu, na aliingia kupitia simu zetu bila kubisha hodi.

Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima 2007. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio za lugha za mama zilikuwa zimewasha moto kabla ya hapo. Tume ya Waki, ya kuchunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ikahesabu waliokufa 1,133. Tume ya Kriegler, ya kuchunguza uchaguzi wenyewe, ikasema haiwezekani kujua nani alishinda kweli, kwa jinsi hesabu zilivyovurugwa. Hebu fikirini neno hilo. Haiwezekani kujua. Ndiyo maana mkinitajia fomu iliyobandikwa mlangoni, mimi sioni karatasi tu.

Jambo jengine: kuna ELOG, muungano wa mashirika ya waangalizi wa humu humu nchini. Wanachagua vituo kwa sampuli ya kitaalamu nchi nzima, waangalizi wao wanaleta nambari za mlangoni, wanakadiria matokeo kando na tume. 2022 makadirio yao yalikubaliana na ya tume. Kwa mtu asiye na saa za kusoma fomu elfu arobaini, hao ndio wa kusubiri.

#8 AliyekuwaRedioni

Naafikiana na mwalimu, ila tusiyafanye mashirika kuwa malaika. Watu wa haki za binadamu nao huingia siasa. Hassan Omar alikuwa kamishna wa tume ya haki za binadamu, KNCHR, 2022 akawania ugavana hapa kwa tikiti ya UDA, chama cha Ruto. Ni haki yake. Nasema tu uangalie leo yuko wapi anayezungumza, si alikuwa wapi miaka kumi iliyopita.

#9 KuraYaKwanza

Shikamooni wakubwa. Mimi nitapiga kura mara ya kwanza. Nisaidieni kitu kidogo: picha ikija kwenye simu nitajuaje ni ya zamani? Na nitajuaje jina langu limo kwenye daftari bila kumuuliza mtu wa chama? Kuna mmoja huku Mtopanga anakusanya nambari za vitambulisho akisema ataturahisishia.

#10 BintiLikoni

Marahaba mwanangu. HUYO USIMPE. Nambari ya kitambulisho ni yako na tume, mtu wa chama haimhusu. 2022 tulikuwa tukituma ujumbe mfupi kwa 70000, wajibiwa jina na kituo chako. Kabla ya kutuma safari hii, angalia kwenye tovuti ya tume kama njia ni ile ile. Ukitaka uhakika zaidi nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako, wewe wa Mtopanga ni Kisauni, ukajionee.

Picha: ibonyeze, uitafute kwa Google Lens au TinEye, itakuonyesha ilipotokea zamani. Video, ipige picha ya skrini mahali penye bango au jengo, kisha utafute hiyo. Sauti ya WhatsApp isiyo na jina la msemaji wala tarehe, mie sisikilizi hata mwanzo. Na ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Pengine ni kweli, lakini aliyekutumia naye hajui ulikotoka.

#11 KasukuWaKongowea

Sawa, la wakaguzi mwalimu amenimaliza kwa ile sufuri. Lakini la kusoma ripoti bado hamjanijibu. Nipendekeze: hapa tuko watu wenye kazi tofauti. Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu juu ya kaunti yetu ikitoka, mmoja asome sura moja, alete hapa aya tatu na nambari ya ukurasa. Atakayeleta bila ukurasa, tunamfuta. Wa UDA asome, wa ODM asome, wakikosana tunafungua ukurasa.

#12 MtuWaKibokoni

Kasuku, umeajiriwa. Nitafungua uzi mwengine wa hiyo, nianze na bandari kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza. Ila Mamlaka ya Bandari ina ripoti yake ya ukaguzi, si ya kaunti, kwa hivyo itabidi wawili. Mwalimu, uchukue hesabu. AliyekuwaRedioni, wewe tazama walichotangaza na walichotumia kutangaza. Mimi nitachukua ajira.

KuraYaKwanza, na wewe soma. Sura fupi.

#13 KuraYaKwanza

Nimechukua. Nianze ya mwaka gani?

#14 Mwl_Mstaafu_Jomvu

Ya mwaka wa karibuni zaidi iliyotoka, halafu ile ya kabla yake, uone kama kosa lile lile limeandikwa tena. Mara nyingi limeandikwa.